Hawakuniandika Kwenye Kitabu

Lurambi, Kakamega
12 Mei 2024

Dada Pascalia mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Lurambi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na mahindi yameshapaliliwa. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri na matope yamefika mlangoni, lakini afya ipo.

Unga wa wimbi ulifika salama, asante. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tangu masikio yako yaharibike, tunapigiana kelele mpaka majirani wa Lurambi na wa Lumakanda wanajua habari zetu zote. Afadhali karatasi.

Ndani ya kifurushi utapata kumbikumbi. Walitoka Jumanne baada ya mvua, nikawaokota pamoja na wapishi wenzangu pale shuleni. Nimewakaanga bila mafuta, maana wao wenyewe wanayo ya kutosha, nikatia chumvi kidogo tu. Usiwamalize siku moja.

Unakumbuka ulivyonicheka mwaka juzi daktari aliponiambia presha imepanda na nianze mazoezi? Sasa nakimbia siku nne kwa wiki. Nikishawapakulia wasichana chakula cha jioni, navaa raba zangu za kijani za mitumba na kwenda mpaka ukingo wa msitu, kisha narudi. Nyumbani nakula majani ya mrenda niliyochanganya na ya saga, ugali wetu wa obusuma bwa wimbi, na samaki wa kuchemsha. Mwezi jana nesi alinipima presha mara mbili, akadhani mashine imeharibika.

Sasa habari yenyewe. Tarehe nane Juni kuna mbio za kilometa kumi za kuchangia wodi ya watoto. Wanawake waliopita miaka arobaini na mitano wana zawadi yao: jiko la gesi la mafiga manne, lenye oveni. Nimejiandikisha. Nambari yangu ni 212. Niombee.

Mdogo wako,
Navalayo

---

Lumakanda
20 Mei 2024

Mdogo wangu Navalayo,

Hujambo wewe na watu wa nyumbani kwako? Mimi sijambo, goti tu linanikumbusha miaka yangu likiona mawingu. Mahindi yamenifika kiunoni.

Kumbikumbi walikwisha siku ileile. Usinigombeze, wageni walikuja.

Habari ya mbio nimeisoma mara mbili. Miaka arobaini na tisa, mama wa watoto wanne, unakimbilia nini? Na ndani ya suruali? Hapa nikisema mdogo wangu anakimbianga barabarani, watu wanauliza kwani anafukuzwa na nani. Lakini nimefurahi kusikia presha imeshuka. Mama yetu iliondoka naye akiwa na miaka hamsini na moja, na mimi sijasahau. Basi kimbia, ila usianguke mbele ya watu.

Dada yako,
Pascalia

---

Lurambi
10 Juni 2024

Dada yangu,

Nakusalimu. Hali yako? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unachemka. Nimeichana karatasi ya kwanza kwa jinsi nilivyokuwa nabonyeza kalamu.

Nilishinda, Dada. Nilikuwa wa kwanza katika wanawake wa rika langu, na nyuma yangu kulikuwa na wasichana wenye umri wa mwanangu wa mwisho. Nilivuka utepe nikiwa na pumzi ya kuimba. Wapishi wenzangu walikuwa wameleta sufuria na miiko, wakawa wanazipiga. Nilipangwa pale mbele na wenzangu wawili. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume anayeitwa Bramwel, akashika kipaza sauti. Nikadhani ananiita.

Akasema, "Nambari 212 haimo kwenye kitabu cha mahali pa kugeukia. Mama, wewe hukufika msituni."

Nikamwambia nilifika. Pale kwenye kibanda cha walinzi wa msitu palitakiwa msimamizi awe anaandika nambari ya kila anayegeuka. Mimi nilipofika kiti chake kilikuwa kitupu. Ningefanya nini, nikae kwenye kiti nimngoje? Niligeuka nikarudi. Nikamwambia Bramwel, "Muulizeni Mama Makhanu anayeuza viazi vitamu pale. Ananionanga kila wiki, na leo alinipa maji."

Akacheka, na bado kipaza sauti kiko mdomoni. "Sasa tuahirishe sherehe tukamtafute muuza viazi? Mama, wewe ni mpishi wa shule. Kwa umri huo na mwendo huo, sema tu ulipanda boda."

Watu mia ngapi walicheka! Jiko akapewa aliyenifuata, Cherono, anayefanya kazi benki. Sina ugomvi naye, alikimbia vizuri. Lakini alikimbia nyuma yangu! Mgongo wangu anaujua!

Leo nimeingia jikoni shuleni, wasichana kwenye foleni wakanong'onezana, mmoja akasema, "Mama Boda, niongezee maharagwe." Nimepika shule hii miaka kumi na saba. Sijawahi kuchukua hata kitunguu kisicho changu. Leo naitwa mwizi na mtoto ninayemlisha.

Sitaliacha jambo hili.

Mdogo wako,
Navalayo

---

Lumakanda
19 Juni 2024

Navalayo,

Salamu. Natumaini umepata usingizi. Hapa tuko salama.

Nilikuambia mapema, na sipendi kukukumbusha. Mambo ya kukimbia hadharani yana mwisho wake. Habari imefika hata huku: Phanuel, yule anayeleta mbolea, alikuwa Kakamega siku hiyo, akasimulia kanisani baada ya ibada huku watu wanashika mbavu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Liache. Jiko la kuni unalo. Ukienda kugombana na wakubwa utajiongezea aibu, na presha nayo itapanda tena. Nyamaza, watu watasahau.

Ila uniambie ukweli, mimi ni damu yako na sitamwambia mtu. Ni kweli hukupanda pikipiki hata kidogo?

Dada yako,
Pascalia

---

Lurambi
24 Juni 2024

Dada,

Hujambo.

Bramwel hanijui, alinitukana kwa kutonijua. Wewe ulinibeba mgongoni. Ulinifundisha kusonga ugali nikiwa nimesimama juu ya debe. Nawe umeniuliza swali hilohilo, tena kwa kuandika, ukakunja karatasi, ukaipeleka stejini kwa dereva wa matatu. Njia yote hiyo hukuona sababu ya kurudi.

Usiningojee barua nyingine.

Navalayo

---

Lumakanda
3 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Je, hamjambo huko? Nimetuma mahindi mabichi kikapu kizima, yale laini unayoyapenda ya kuchemsha na maganda yake. Dereva amesema uliyapokea na hukuacha neno. Zamani ulikuwa hukosi kunirudishia kikapu na kitu ndani, hata ndimu mbili. Kikapu kimerudi kitupu na kimeoshwa.

Wiki sita sasa. Mwanao wa kwanza ameniandikia ujumbe kwamba umeacha kukimbia, kwamba ukitoka nje na zile raba waendesha pikipiki wanakuita wakikuuliza kama unataka lifti. Amesema nesi amekupima na presha imerudi kule ilikokuwa.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Dada yako,
Pascalia

---

Lumakanda
14 Septemba 2024

Navalayo mdogo wangu,

Nakusalimu ingawa huniitikii. Afya yangu ni nzuri, goti limevimba kwa sababu nitakazokueleza.

Jumatano nilikuja Kakamega. Sikupita kwako, nilijua utanikataza. Nilishukia karibu na msitu nikauliza kibanda cha walinzi. Mama Makhanu nilimkuta pale, ana sinia la viazi na mwavuli uliochanika. Nikamwambia mimi ni dada wa mama wa raba za kijani. Alisimama, Navalayo. Akaniuliza umekwenda wapi, akadhani umefariki.

Nikamuuliza juu ya siku ile. Akaniandikia kwenye pakiti tupu ya unga, maana sikuwa nasikia vizuri kwa magari: "Alipita. Nilimpa maji. Mwenye kitabu alikuwa kwangu anakula viazi. Kitabu kilikuwa kimefungwa, kimelala mezani pangu. Mama huyu na wengine watatu walipita hapo hapo." Nikasoma. Nikamwambia, "Funika viazi, twende."

Ofisi ya Bramwel iko ghorofa ya pili. Ngazi zile ndizo zimelivimbisha goti. Kulikuwa na watu kama kumi na wawili wameketi wanangoja. Alituona akataka kutumaliza haraka, akawa anazungumza chinichini, midomo haifunguki. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sisikii. Sema kwa nguvu."

Akapandisha sauti kidogo. Nikasema, "Bado."

Mwishowe akapiga kelele, "Mama, nasema huyo dada yako hakuandikwa!"

Nami nikajibu kwa sauti ya mtu asiyesikia, "Hakuandikwa kwa sababu mtu wako alikuwa anakula viazi! Huyu hapa ndiye aliyemuuzia! Mpigie simu, umuulize tukiwa hapa!"

Watu wote wakageuka. Mzee mmoja akapaza sauti, "Mpigie basi." Mwanamke mwingine naye akapaza sauti kwamba hata yeye alikimbia siku hiyo, nambari 188, hakuona mtu pale wa kumwandika, na mbona yeye hakuitwa mwizi? Ni kwa sababu alikuwa wa arobaini na kitu, hakuwa na zawadi ya kunyang'anywa!

Bramwel akapiga. Mtu wake akakana, halafu Mama Makhanu akaomba simu. Sijui alimwambia nini, sikusikia. Waliokuwapo wamenieleza kuwa yule mtu alisema aliondoka "dakika chache tu", na kwamba nambari alizozikosa alizinakili baadaye kwa kubahatisha, akiwauliza waliokuwa wanarudi. Kwa kubahatisha, Navalayo! Jina la mtu!

Bramwel amesema ataleta barua ya kurekebisha matokeo. Nikamwambia ailete kwako, si kwangu.

Dada yako,
Pascalia

---

Lurambi
6 Oktoba 2024

Dada Pascalia,

Salamu. Natumaini goti limepungua. Likande kwa maji ya moto yenye chumvi. Sisi tuko.

Bramwel alikuja Jumatatu na bahasha. Alinikuta mlangoni mwa jiko la shule, nina mwiko mkononi. Akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, tumesahihisha, wewe ndiye wa kwanza. Tulimalize kimyakimya."

Nikamwuliza, "Siku ile uliniambia kimyakimya?"

Nikamrudishia bahasha. Nikamwambia alinitukana kwa kipaza sauti, basi kipaza sauti kiko, na wasichana mia sita watakuwa gwarideni Ijumaa asubuhi. Akasema ana shughuli. Nikamwambia aende akaangalie shughuli zake, mimi nina maharagwe motoni.

Nilidhani hatakuja. Alikuja. Labda ni kwa ajili ya wale watu kumi na wawili wa ofisini kwake, maana habari imezunguka mji. Mwalimu mkuu akampa nafasi. Alisema maneno machache: kwamba nilikimbia njia yote, kwamba kosa lilikuwa la kamati, kwamba kunitajia boda mbele ya watu lilikuwa kosa lake mwenyewe na anaomba radhi. Wasichana walipiga makofi, wengine wakalia. Yule aliyeniita Mama Boda alikuja jikoni saa ya chakula, akasimama na sahani yake. Nikampakulia kama wengine.

Jiko la gesi lingali kwa Cherono. Wameniahidi lingine, sijaliona. Cherono amenipigia simu, akasema alikuwa akiuona mgongo wangu kilometa zote kumi na siku ile alikosa ujasiri wa kusema. Nilimshukuru kwa kusema sasa, lakini Dada, sikumwambia kwamba si kitu. Ni kitu.

Mama Makhanu nimemtembelea. Nimerudi barabarani tangu Jumamosi, polepole, pumzi imekuwa fupi.

Sasa wewe. Ulipanda ngazi zile na goti lako, na nimelia niliposoma. Lakini nimeirudia barua yako mara nne nikitafuta kitu kimoja. Umeniandikia alichosema Bramwel, alichosema Mama Makhanu, alichosema mwenye nambari 188. Umemkasirikia kila mtu aliyekosa kuniamini. Mmoja hukumtaja. Bramwel amesimama mbele ya watoto mia sita akasema. Wewe je?

Mdogo wako,
Navalayo

---

Lumakanda
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa Navalayo,

Natumaini uko mzima na pumzi inarudi. Mimi nimesoma barua yako Ijumaa, na siku mbili hizi sikuwa mzima.

Nilikosea. Nilipokuuliza lile swali sikuwa na shaka nawe. Tangu utoto hujawahi kunidanganya hata pale uongo ungekuokoa fimbo. Nilikuwa naogopa kicheko cha watu wa kanisani, nikataka unipe kitu cha kuwajibu, na nikakuuliza wewe badala ya kumnyamazisha Phanuel. Leo baada ya ibada nilisimama nikaomba nafasi. Nikawasomea barua yako yote, hata sehemu inayonihusu. Phanuel alikuwa benchi la tatu. Sijui kama kuna aliyecheka, sisikii, lakini nilikuwa nikitazama midomo yao, na ilikuwa imefungwa.

Nisamehe. Usiponisamehe sasa, nitangoja.

Jumamosi napika kuku wa kienyeji wa kuchemsha, bila mafuta ya kuongeza, na mrenda na saga kama unavyotaka, na obusuma bwa wimbi. Uyoga umeanza kuota kule nyuma ya zizi, nao nimeuwekea alama usikanyagwe. Chakula kitakuwa tayari saa saba mchana.

Njoo. Uje kwa gari, uje kwa miguu, sitauliza.

Dada yako,
Pascalia