Sauti ya Bibi Kwenye Kadi Inamwita Kaka Yangu

Bi Zuleha, shikamoo. Nakuandikia unisaidie mwanao, maana nyumbani sina wa kumwambia haya.

Mimi naitwa Theodosia, nipo Kasulu mjini, nina steshenari ndogo, natoa kopi na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi za simu zao. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, tundu lake la kadi liliharibika fundi akaniwekea bodi nyingine kwenye zile sloti za ndani, basi hiyo bodi huwa inalegea, ikilegea nafungua ubavu wa mashine naisukuma kwa kidole huku inawaka, sikuona ubaya maana ilikuwa inakubali.

Sasa familia yetu tulikuwa na sauti ya bibi mzaa mama, Bibi Ntirampeba. Bibi na watu wake walivuka kutoka Burundi miaka ya sabini wakafikia Munanila, na huko mfanyabiashara mmoja mwenye redio kaseti akamrekodi bibi akitaja watoto wake waliopotelea njiani, mmoja mmoja, halafu mwishoni anawasalia walio hai na watakaozaliwa, ili kanda ipelekwe ng'ambo labda ndugu yeyote ataisikia, kanda haikufika popote, bibi akafa mwaka uleule, na sisi wajukuu hatukuwa tumezaliwa hata mmoja. Kanda yenyewe ilikuja kuliwa na redio, ila sauti ilishahamishiwa kwenye memori kadi, na kadi nikapewa mimi nitunze kwa sababu eti ndiye ninayejua kompyuta.

Mwezi uliopita nilikuwa nakopi nyimbo za harusi naziweka kwenye kadi hiyohiyo, najua Bi Zuleha, usiseme, nafasi ilikuwepo, mteja akanihimiza niingize kadi yake, nikaichomoa ya bibi mashine ikiwa bado inaandika. Nilipoirudisha majina ya mafaili yamegeuka vijimraba na herufi za ajabu, limebaki moja tu linalofunguka, nikalibonyeza, na mlangoni alikuwa amesimama kaka yangu Nsabimana kaniletea mihogo, mchana kweupe, watu wanapita barabarani, bibi akasema, "Nsabimana." Kisha tena, "Nsabimana." Sauti ni yake kabisa ila kavu, haina pumzi, watoto waliopotea hawatajwi tena, ni jina hilo tu na haikomi, nikabonyeza kuisimamisha ikagoma, nikarukia waya nikauchomoa, lakini kaka alikuwa ameshaitika. Aliitika "karame," vile tulivyofundishwa kumwitikia mkubwa anapokuita.

Baba mdogo Makarius anasema ukishamwitikia marehemu umekubali kumfuata. Na kaka mwenyewe aliiona tarehe ya faili hilo kwenye skrini, ni siku ambayo haijafika, mwishoni mwa mwezi ujao, basi anasema ameshapangiwa. Hali chakula, haendi shamba, anakaa tu upande wa mlango ametega sikio, na jana kamgawia binamu yetu baiskeli yake. Mama yetu Maximilla analia tu. Baba mdogo anataka kadi ichomwe moto. Sijamwambia mtu kwamba niliichomoa vibaya, wanajua bibi kaja mwenyewe, nikisema watanifukuza, nikinyamaza kaka anaisha huku namwona. Hata dukani naogopa kuingia, juzi mashine nimeizima na bado nikaisikia kama inavuta pumzi. Nifanyeje?

Theodosia, Kasulu

*

Theodosia, pole sana. Haya, pole imekwisha, kaa chini nikuseme.

Kadi yenye sauti pekee ya marehemu wenu, wewe unaijazia nyimbo za harusi! Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Kadi ina orodha yake ya ndani, ndiyo inayoiambia mashine kipande gani cha sauti kinafuata kipi. Uliichomoa orodha ikiwa nusu, sasa mashine ikifika kipande kile inaambiwa irudi palepale. Ndiyo maana haikomi. Na tarehe? Kuna betri ndogo ndani ya kompyuta inayotunza saa. Yako imechoka, saa inarukaruka, na tarehe iliyoonyesha ulipoichomoa kadi ndiyo iliyoandikwa kwenye faili. Tazama saa kwenye kona ya skrini utaona mwenyewe. Nimemsomea barua yako fundi Gharibu wa Kibondo, anasema betri hizo kila siku anabadilisha na hajazika mteja.

Kuhusu hiyo pumzi, mashine uliyoizima kwa kitufe bado ina umeme, chomoa waya ukutani. Ukishauchomoa na bado ukaisikia, hapo mwanangu niandikie tena.

Kadi isichomwe, unanisikia? Usiiweke tena kwenye mashine yako. Mashine yoyote ikikuuliza kama uifomati, yaani uifute yote, kataa. Usiongeze kitu humo, hata picha moja. Mpelekee fundi mwenye programu ya kuokoa mafaili, akopi kadi nzima kwanza, kisha atafute kwenye hiyo kopi. Mengi yanayoonekana yamepotea bado yamo. Na kuanzia leo, kabla ya kuchomoa kadi ya mtu yeyote, bonyeza ile alama ya kuondoa kwa usalama, subiri mashine ikuruhusu. Mteja akikuhimiza mwambie akanunue maandazi arudi. Ile bodi nayo, zima kompyuta, toa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini mwako uishie hapo, ndipo uisukume mpaka ikae na uifunge skrubu yake. Kidole ndani ya mashine inayowaka, ulikuwa unatafuta nini humo?

Sasa kaka yako. Bibi alikufa kabla hajazaliwa, jina lake atalijuaje? Umeniandikia mwenyewe kwamba mwishoni bibi anasali. Anasalije, Theodosia? Mimi kwa baba ni mtu wa pwani, lakini nimekulia hapo Kasulu, Kiha nakisikia na Kirundi hakinipiti. "Nsaba Imana ibarinde." Namwomba Mungu awalinde. Haya, kata lile neno la mwisho, yaliyobaki yaseme harakaharaka, unapata nini? Nyumba nzima mmezoea hilo ni jina la mtu, likisikika wote mnageuka kumtazama yeye. Ninyi, wenye lugha yenu! Hebu muulize mama yako jina la mwanawe alilitoa wapi. Nadhani anajua, ila hakuna aliyemuuliza.

Kwa nini mashine ikwame kwenye neno hilo na si kwenye mengine yote, mimi sijui. Nilimuuliza Gharibu, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Usingoje fundi amalize. Leo hii waite wote, Makarius awepo, useme ulivyoichomoa kadi. Watakugombeza, vumilia, umestahili. Kisha mgeukie Nsabimana umwambie mbele yao kwamba bibi hakuwa anamwita, alikuwa anamwombea aishi, na mama athibitishe kwa kinywa chake. Halafu mpakulie chakula na ukae naye hapo mpaka amalize sahani.

Bi Zuleha