Hedifoni za Kumsikilizia Baba

Baba yangu,

Nianze na habari mbaya: tangu tukuzike, sijalia. Shangazi alinitazama siku zote tatu za matanga, akitafuta chozi hata la kusingiziwa, hakulipata. Nilipika ugali wa msiba, nilisugua masufuria, nilipokea wageni, nikashuka Liuli, huku ziwani, nikaendelea kufundisha jiografia. Ninakula vizuri. Ninalala. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe. Naogopa kwamba siku ile tulipokuzika, mimi sikuwepo.

Unaikumbuka ile sauti uliyonirekodia? Krismasi ile barabara ya Tingi ilikuwa tope tupu, sikupanda kuja nyumbani Mapera. Kaka Osmund akakuwekea simu mezani akakwambia useme salamu tu, wewe ukasema dakika kumi na mbili. Ulisema kwa Kiswahili ili wajukuu zako wa huku ziwani waelewe, maana Kimatengo chao unakijua mwenyewe kilivyo. Niliihamishia kwenye kompyuta. Spika za kompyuta yangu zinakoroma, kwa hiyo nikachukua iafoni za simu, zile za kuchomeka ndani ya sikio. Ziliniuma, na wewe ulisikika kama mtu aliyefunikwa debe. Nikasikiliza mwanzo, nikaruka huku na kule, nikasema nitamalizia. Pasaka haijafika, ukafariki.

Basi nikaamua kununua hedifoni za maana. Nilijiambia nitakusikiliza mara moja, vizuri, mwanzo hadi mwisho. Nikisikia sauti yako na bado moyo umekaa kimya, nitajua kwamba ndivyo nilivyo, na Shangazi alikuwa sahihi kunishuku.

Jumamosi nikapanda Mbinga na kompyuta begani. Nikaingia kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na kuuza hivi vitu. Akanipa kwanza jozi kubwa nyekundu, akazisifia besi. Kweli besi ilikuwepo, hadi meno yalicheza. Nikamwambia siendi disko, nataka kumsikia mtu akiongea. Nikachomeka kwenye kompyuta yangu, nikafungua somo la mafunzo ya walimu. Mkufunzi alisikika kama anaongea akiwa amejifunika blanketi. Jozi ya pili sauti ilikuwa safi, ila zilibana mpaka miwani ikanichoma nyuma ya sikio. Ya tatu ilikuwa nyeusi, mbaya kwa sura, sponji yake ya kitambaa. Haikuziba masikio kabisa, nilimsikia mzee akivuta makamasi, lakini yule mkufunzi alikuwa mbele yangu, hata alipogeuza karatasi nilijua.

Karibu nilipe hapo hapo. Nikakukumbuka ulivyoninunulia viatu vya kidato cha kwanza, mji ule ule wa Mbinga. Ulinivisha, ukaniketisha kwenye benchi la mwenye duka, ukaenda kuulizia mbolea. Saa nzima! Mwenye duka alinung'unika, wateja wakaniangalia, nikatamani ardhi ipasuke. Uliporudi ukamwambia bila haya, "Kiatu siku ya kwanza kinajipendekeza. Lazima ukae nacho." Havikuniuma hata siku moja vile viatu.

Kwa hiyo nikaomba kigoda. Nikamweleza mzee kwamba nitakaa na hizi hedifoni kichwani mpaka zinichoshe. Akasema nikae tu, mwalimu, kigoda hakiuzwi. Nusu saa ikapita, somo likaisha, masikio hayajapata moto wala kichwa hakijabanwa. Cha kusikiliza kilichobaki ulikuwa wewe. Sikuwa nimepanga kukufungulia dukani, nilitaka iwe nyumbani, mlango umefungwa. Lakini mkono ulishabonyeza.

Nikasikia kiti cha Osmund kikiburutwa. Nikasikia kuku. Ukasafisha koo, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kusoma somo kanisani. "Gaude mwanangu, hujambo?"

Halafu kimya. Kwenye zile iafoni nilidhani rekodi imekatika, ndiyo maana niliruka mbele. Haikukatika, baba. Ulikuwa unapumua. Umeniuliza na unangoja nijibu, kama vile nimekaa ng'ambo ya meza. Osmund akakunong'oneza kwamba sikusikii, ni simu tu inarekodi. Hukumjali. Ukaendelea kungoja.

Nikajibu kwa sauti, mchana kweupe, katikati ya duka la watu. "Sijambo baba, shikamoo."

Yule mzee alikuwa ameinamia redio, bisibisi mkononi. Hakuinua hata kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Na wewe, kule ndani ya kompyuta, ukasema, "Haya, vizuri," ukaanza habari za kahawa kuiva vibaya na mbuzi aliyezaa mapacha.

Sikulia hata hapo. Ila ule moyo wenye ganzi uliuma kweli kweli, nikafurahi kwamba unauma. Uliningoja Krismasi nzima, ukaningoja tena kwenye simu, na mimi nilikuruka kwa kidole. Mzee alinifungia hedifoni kwenye mfuko, hakuniuliza kitu. Nadhani alijua. Watu wa umri wenu mnajua mambo mengi mkiwa mmeinama.

Nimesharudi Liuli. Nimezivaa sasa hivi, watoto wanacheza nje, ziwa limetulia. Nimekusikiliza mpaka mwisho mara tatu, mbuzi na wote. Kila ukifika pale unapouliza, najibu. Hapa nyumbani hakuna wa kuitikia, lakini najibu.

Sijambo, baba. Nisamehe, nimechelewa kujibu.

Binti yako,
Gaude