Kundi la Kunyoosha Viungo

Jumanne, 8 Julai

Nimejiandikisha! Dawud hajui na sitamwambia.

Ni utafiti wa nguvu za misuli kwa wanawake waliopita miaka sitini. Wiki kumi na mbili, katika darasa la nyuma la madrasa. Mkubwa wao ni Daktari Nerea, msichana wa Kisumu, mrefu, Kiswahili chake cha Nairobi. Msaidizi wake Aaliya ni mtoto wa hapa hapa Mkomani, nilimsomesha darasa la tatu. Leo yeye ndiye aliyenipima, akiona haya.

Kwanza kifaa cha kubana kwa mkono. Nikabana mpaka meno yakauma. Kilo kumi na nne. Kumi na nne tu! Kisha kiti: simama, keti, simama, keti, kwa nusu dakika. Mara sita. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nikipanda ngazi za nyumba hii na kikapu cha samaki kichwani. Nimonia ikanilaza wiki tatu — tazama sasa!

Nerea asema kitanda hula misuli upesi, na kwa umri wangu hairudi yenyewe. Lazima mtu aidai.

Basi nitaidai.

Dawud mwanangu ameshaamua. Mwisho wa mwezi wa tisa yuaja kunichukua nikae kwake Mombasa, nyumba ya tini, isiyo na ngazi. Hii ya kwangu ikodishwe wageni. Umri wako ni wa kupumzika, Mama. Hakuniuliza. Alitangaza.

Alhamisi, 10 Julai

Wametugawa kwa bahasha, kama kura. Umulkheir, jirani yangu tangu tukisukana nywele, kapata kundi la kuinua uzito. Mimi nimepata — kunyoosha viungo na kusikiliza mawaidha ya afya!

Nikamwambia Nerea abadilishe. Haiwezekani, asema. Kundi moja lazima lisiinue, ndipo wajue kuinua kumefanya nini. Wiki kumi na mbili zikiisha nasi tutafundishwa.

Wiki kumi na mbili! Dawud atakuwa ashanikunja kama mkeka akanitia botini.

Nimesaini. Nimesaini, kwa hasira, kwamba sitainua.

Jumamosi, 12 Julai

Mikono juu. Mikono kando. Nimesinzia.

Jumapili, 13 Julai

Nimembana Umulkheir mpaka kanionyesha kila kitu. Juu darini, mlango tumeufunga. Dumu mbili za lita tano, maji nusu. Kuinuka kitini umezishika. Kupanda kidato na kushuka. Kusukuma ukuta.

"Mwanaarabu, huu si wizi?"

"Nguvu ni zangu. Namuibia nani?"

Jumatatu, 14 Julai

Mapaja! Naandika nimelala. Kuketi chooni leo ni mtihani.

Jumanne, 15 Julai

Nimeinua tena, kwa ukaidi. Umulkheir kanikuta akafoka. Kwao wamefundishwa kwamba misuli hujengeka ukiwa umepumzika. Ukiinua kila siku waibomoa tu. Lazima siku ya mapumziko kati. Na kula — mayai, maharagwe, samaki. Si chai na mkate wa mofa asubuhi na jioni.

Sawa. Nimepumzika. Sijapata kupumzika kwa ghadhabu namna hii.

Jumanne, 5 Agosti

Wametupima tena. Kilo kumi na tisa! Kiti mara kumi na mbili!

Nerea kakitazama kifaa, akanipima tena. Kumi na tisa. Wenzangu wa kunyoosha hawajasogea. Bi Razan alikuwa kumi na tatu, yuko kumi na tatu. Nerea akafurahi. "Labda kunyoosha kunasaidia kuliko tulivyofikiria," asema, akaandika, akapiga mstari chini yake.

Nami nikacheka naye. Nikacheka!

Sasa nimeketi naufikiria ule mstari wake. Akiyapeleka hayo mbele, kesho watu wataambiwa: wazee wanyooshe mikono tu, yatosha. Vitanda viendelee kuwala. Miaka thelathini na moja nimefundisha hisabati. Mtoto aliyeiba mtihani nilimpa sufuri, na mamake akija kulia, sufuri ilikaa palepale.

Astaghfirullah.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia.

Nilimngoja wenzangu watoke. Aaliya alikuwa akikunja mikeka. Nikasema nainua dumu darini tangu wiki ya kwanza, siku tatu kwa wiki. Nerea akaweka kalamu chini. Akavua miwani.

"Bi Mwanaarabu, ulisaini."

"Nilisaini."

"Nani alikufundisha?"

"Hilo sitasema."

Aaliya akazidi kukunja mkeka uliokwisha kukunjwa.

Nerea alikasirika, na ni haki yake. Tuko arobaini tu, asema, kila mmoja wetu ni mzigo mkubwa kwenye hesabu. Jina langu halifutwi. Litabaki, na maelezo pembeni kwamba nilivunja masharti. Vikaoni nisije tena. Nimeomba radhi kwa kumharibia hesabu yake. Kwa kuinua sikuomba, nikamwambia wazi kwamba siombi.

Akavaa tena miwani.

"Siwezi kukuambia uendelee," asema. "Lakini sikwambii uache."

Nimerudi kwa ndia ya nyuma. Sikutaka kusalimiwa na mtu.

Jumatano, 20 Agosti

Maneno yamefika Mombasa. Dawud kapiga simu asubuhi.

"Mama, watu wasema wainua madumu darini kama kuli!"

"Wasema kweli."

"Ukianguka je? Nani atakuokota?"

"Nilianguka mwezi wa tano, Dawud. Nilikuwa nimepumzika kama ulivyotaka."

Kasema ashazungumza na mpangaji. Nikamwambia nyumba aliniachia mamangu, hati ina jina langu, mpangaji aje azungumze na mimi. Nikakata simu. Mimi! Sijapata kumkatia mwanangu simu.

Nimelia kidogo baadaye. Yule hana ubaya. Mwezi wa nne alinikuta nimeketi kwenye ngazi, sipandi sishuki, tangu adhuhuri mpaka laasiri. Akanibeba mgongoni. Nilihisi mgongo wake ukitetemeka, nikajua analia, nikajifanya sijui. Tangu siku hiyo ananiona vile tu.

Lakini siko vile tena. Na hataki kuja kutazama!

Jumatatu, 15 Septemba

Dumu sasa zajaa hadi mdomoni. Magoti yalalamika. Mimi silalamiki.

Jumanne, 30 Septemba

Utafiti umekwisha. Nerea kamtuma Aaliya kwangu: Bi Mwanaarabu aje apimwe, nje ya hesabu, kwa faida yake mwenyewe. Kilo ishirini na mbili. Kiti mara kumi na tano. Safari hii hakuna aliyeandika ila mimi.

Matokeo ya wote hajui bado, asema, na hata angejua hangesema. Kesho avuka bara, Mokowe, arudi zake.

Ila kuna jambo. Wale wenzangu wa kunyoosha waliahidiwa kufundishwa. Aaliya yuko tayari. Lakini madrasa wanalitaka darasa lao, watoto wamezidi. Bi Razan kauliza: sisi basi ndio tumeachwa? Kila mtu akaangalia tini.

"Darini kwangu," nikasema. "Jumamosi asubuhi. Kila mtu na dumu zake."

Nerea akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika upesi. Dawud amefika na boti ya kwanza. Kaleta masanduku mawili makubwa, matupu, kayaweka katikati ya chumba. Boti ya kurudi Mokowe ni saa tano, asema, na basi la Mombasa halingoji mtu.

"Lisingoje," nikamwambia.

Nimempa chai. Hajainywa. Mara mlango — Bi Razan, Umulkheir, Aaliya, kisha wengine, buibui kwa buibui, kumi na wanne, kila mmoja na dumu zake. Wamempa Dawud salamu, wakamuuliza hali ya watoto, wakapanda. Mwanangu kasimama kuwapisha, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Mama, hawa wamekuja kukuaga?"

"La. Wamekuja kufanya kazi."

Ananitazama miguu, kama anaiona leo. Kisha tena: "Mama, nimeshalipa basi. Mpangaji aingia Jumatatu."

"Hiyo Jumatatu atanikuta mimi mlangoni."

Ameketi juu ya sanduku moja. Juu wameshaanza, nasikia miguu yao yote pamoja, na sauti ya Bi Razan ikipita nyingine zote: mwalimu, tumefika sita, twendelee au tupumue?

"Pumueni!" nimemjibu. "Kisha sita tena. Naja kuwahesabia!"

Dawud kainua uso. Sasa naiweka kalamu, nipande ngazi mbele ya macho yake.