Mama Mkwe na Nyanya Zangu

Jumamosi

Mama mkwe amekula nyanya zangu. Yule yule aliyeapa hataweka mdomoni kitu kilichonyunyiziwa mkojo wa ng'ombe, tangu asikie ndiyo dawa ya wadudu tunayofundishwa kwenye bustani ya kikundi.

Leo amekuja kutoka Sepuka. Nikampa shikamoo yake, nikaingia jikoni kubandika chai. Kutoka, namkuta na kapu la nyanya zangu mapajani, anakula nyanya ya pili kwa chumvi.

"Hizi ndizo nyanya," akasema. "Siyo zile zenu za mkojo."

Nikarudi jikoni kumletea chai. Naogopa siku atakayojua kuwa ni zile zile, maana mume wangu hana siri kwa mama yake. Lakini jikoni nimecheka mpaka machozi.

Wakati wa kuondoka ameomba mbegu. Nimempa. Dawa sijamtajia, ila ng'ombe anao.