Salamu Katikati ya Aya

Korogwe, Alhamisi

Karatasi niliyoiweka juu, sitaiondoa.

Juzi nilimwambia Mwalimu Mhina kwamba aya za Kiingereza za wanachuo wake zina alama ila hazionekani kusomwa. Alinigeukia mbele yao. "Karani, kazi yako kunakili alama. Kiingereza tuachie wenye nacho." Wakacheka. Nami nikasema, "Samahani, mzee." Samahani!

Kesho mkaguzi anakuja kuona kama usahihishaji ni wa haki, na mimi ndiye ninayemchagulia karatasi tano. Nimezisoma zote. Msichana mmoja wa Vugiri, katikati ya aya yake kuhusu kuchuma chai, ameandika kwa Kiingereza safi: Mwalimu, ukifika hapa, nisalimie darasani. Pembeni kuna tiki kubwa nyekundu na kumi na tano kati ya ishirini. Hajasalimiwa mpaka leo.

Nimeiweka juu kabisa, jina la binti nimelifunika. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na Mwalimu Mhina yumo kwenye kamati ya kuurefusha. Naogopa sana.

Jioni alichungulia dirishani. "Karani, umechagua nzuri?"

"Nzuri, mzee. Ya kwanza ina salamu zako."

"Haya, vizuri," akasema, akaenda zake. Hata hakuuliza zimetoka kwa nani.