Sauti Juu ya Lifti

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Nilikwama kwenye lifti ya hospitali! Nimeshatoka.

Tulikuwa gizani, mimi na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mara sauti ikatoka juu: "Tulieni mama zangu, msiguse mlango."

Sauti ile! Nikaita, "Daktari?" Yule mama akanijia juu: "Bibi, daktari wa nini? Tunataka fundi!"

Mlango kufunguliwa, ni yeye. Mjukuu wangu, Daktari wetu, niliyekwambia yuko chuoni anasomea udaktari. Kavaa ovaroli, grisi mpaka puani!

Alinitandazia koti lake nikanyage nisiteleze. Akanishika mkono kama ameshika yai. "Bibi, udaktari umenishinda. Nilifeli, nikarudia, nikafeli tena. Nilijifungia chumbani, naona aibu kurudi nyumbani. Sasa najifunza ufundi wa lifti, na usingizi umerudi."

Ufundi wa lifti! Na mimi nimemtangaza mtaa mzima!

Nikamuuliza, "Mama yako anajua?" Akatazama viatu. "Nitamwambia leo. Ila kwanza panda tena, Bibi, tumeshaitengeneza, nijue kama unaniamini."

Lifti ile ile, mwenzangu! Nikapanda. Ikaenda taratibu mpaka juu. Mlango kufunguka, namkuta kapanda ngazi mbio, anahema, simu sikioni: "Mama, kaa chini kwanza."

Niko kwenye benchi hapa. Bado wanaongea. Mama yake simsikii. Namwona tu mjukuu wangu mgongo, na hajauinamisha.