Odowa niliyokula nikiwa na mimba ya Sumaya

Hibaq, nimetoka kwa daktari sasa hivi. Nimekaa nje ya lango la hospitali, walahi.

Figo za Sumaya zimeanza kuchoka. Miaka tisa, Hibaq!

Daktari aliniuliza nilikuwa nakula nini nikiwa na mimba yake. Nikamwambia odowa, yale mawe ya udongo, kila siku. Akasema, "Mengine yana risasi."

Risasi?! Nikafikiri ya bunduki.

"Hapana mama, ni madini. Sumu yake humfikia mtoto tumboni." Eti huenda ndiyo iliyoumiza figo.

Unakumbuka ile Julai ya vita hapa Juba? Tulilala sakafuni, mimi nimekumbatia tumbo nimkinge mtoto na risasi.

Na mdomoni nilikuwa na odowa.